Kwa nini mkulima wa Ngulyati hawezi kukataa bei mbaya ya pamba

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MKULIMA wa pamba katika Kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, ndiye anayechagua siku ya kupanda, ndiye anayepalilia na ndiye anayeamka usiku kusikiliza kama mvua iliyosubiriwa imefika. Jambo moja tu hachagui, nalo ni bei.

Bei ya pamba yake hufuata soko la New York, ambako watu ambao hawajapata kuligusa jembe hununua na kuuza pamba ambayo bado haijavunwa. Soko hilo likitikisika, mizani ya Ngulyati hutikisika pia, hata kama mvua zimekuwa njema na wadudu wamedhibitiwa.

Tangu Azimio la Arusha la Februari 5, 1967, neno kujitegemea limezungumzwa nchini kwa sauti kubwa katika vipindi fulani na kwa kunong'ona katika vingine. Mjini mjadala huo hugeuka upesi kuwa ubishi kuhusu kama taifa lifunge mipaka yake au liiache wazi. Ukitazamwa kutoka shamba la pamba, hoja ni finyu zaidi na ngumu zaidi: ni nani anayeweza kusubiri?

Mwenye uwezo wa kusubiri ndiye anayejitegemea. Mfanyabiashara mwenye ghala husubiri bei ipande. Nchi yenye viwanda vya nyuzi husubiri, kwa kuwa ikiikosa bei nzuri nje itaitumia pamba yake ndani. Mkulima ambaye ada ya shule inadaiwa na chakula kimekwisha ghalani hasubiri, bali huuza siku hiyo kwa bei iliyopo.

Hesabu ya fulana moja

Kilo tatu za pamba mbegu, yaani pamba kama inavyotoka shambani, zikipelekwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho wakulima hukiita jinari, hutoa takriban kilo moja ya pamba nyuzi na kilo zisizofika mbili za mbegu.

Fulana ya kawaida ya mtu mzima ina uzito wa gramu 180 hivi. Ukiongeza nyuzi zinazopotea katika kusokota, kufuma na kukata, fulana hiyo inahitaji takriban gramu 240 za pamba nyuzi, ambazo ni sawa na gramu 720 za pamba mbegu. Kwa bei elekezi ya Sh 1,060 kwa kilo iliyotumika kufungulia msimu wa mwaka 2023, mkulima hupata chini ya Sh 800 kwa pamba yote iliyomo katika fulana hiyo. Msomaji wa mjini anajua mwenyewe alinunua fulana yake kwa kiasi gani.

Tofauti iliyobaki hugawanywa kwa wasokotaji, wafumaji, watia rangi, washonaji, wasafirishaji na wauzaji. Wengi wao hawako Simiyu, na wengi hawako Tanzania. Zaidi ya theluthi mbili ya pamba nyuzi ya nchi kwa kawaida hufungwa katika marobota na kupakiwa melini kabla haijawa hata uzi.

Mwaka ambao pamba ilikaa ghalani

Namna bei ya dunia inavyomfikia mkulima ilionekana waziwazi mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeelekeza pamba yote inunuliwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, Amcos, na kwa msimu wa 2019 ikatangaza bei ya Sh 1,200 kwa kilo.

Bei hiyo ilikuwa na mantiki ilipopangwa. Mwezi Aprili mwaka huo pamba nyuzi iliuzwa New York kwa zaidi ya senti 75 za dola kwa ratili, ambayo ni pungufu kidogo ya nusu kilo. Kwa dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa Sh 2,300 hivi, kilo moja ya nyuzi ilikuwa na thamani ya takriban Sh 3,800.

Kisha mgogoro wa biashara kati ya Marekani na China ukapamba moto. China ilikuwa mnunuzi mkubwa wa pamba ya Marekani, na nchi hizo zilipotozana ushuru, pamba ikarundikana sokoni. Ilipofika Agosti bei ilikuwa imeshuka chini ya senti 60. Kilo ile ile ya nyuzi sasa ilikuwa na thamani ya Sh 3,000 hivi, ilhali kilo tatu za pamba mbegu zilizohitajika kuitoa ziligharimu Sh 3,600 kwa bei iliyotangazwa. Mapato ya mbegu yalipaswa kuziba pengo hilo, na bado kulikuwa na gharama za uchambuzi, usafiri hadi bandarini, riba za benki na ushuru.

Wanunuzi wakasita. Pamba ikajaa katika maghala ya Amcos na wakulima wakabaki na karatasi badala ya fedha. Serikali iliingilia kati kwa kuzungumza na wanunuzi na mabenki, lakini malipo yalichelewa kwa miezi mingi. Mkulima wa Bariadi hakuwa amefanya kosa lolote. Wakubwa wawili walikuwa wakigombana upande mwingine wa dunia.

Haikuwa mara ya kwanza. Machi 2011 bei ya dunia ilipita dola 2 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana hapo awali, kisha ikaporomoka. Mwaka 2022 msimu nchini ulifunguliwa kwa Sh 1,560, na mwaka uliofuata ukaanza na zile Sh 1,060. Hakuna mzazi anayeweza kupanga elimu ya mtoto wake kwa kipato kinachopanda na kushuka namna hiyo.

Ipo pia sababu isiyotokana na soko. Nchini Marekani wakulima wa pamba walilipwa ruzuku kubwa kwa miaka mingi, jambo lililoongeza uzalishaji na kushusha bei kwa wengine. Brazil ilifungua mashitaka katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 na ikashinda. Shauri hilo lilifungwa mwaka 2014 kwa Marekani kukubali kulipa dola milioni 300, fedha zilizokwenda kwa wakulima wa Brazil. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilizopeleka malalamiko ya namna hiyo katika mkutano wa Cancun mwaka 2003, ziliahidiwa mazungumzo. Brazil iliweza kugharimia mawakili na kusubiri miaka 12.

Kitambaa kilichobeba jina la mgeni

Wapo wanaodhani kuwa nchi hii ilianza kutegemea nguo za nje wakati wa mitumba. Historia inakwenda nyuma zaidi. Wasafiri wa Kizungu waliofika Unyamwezi mwaka 1857 waliwakuta wafumaji wakitengeneza nguo kwa pamba iliyolimwa hapo hapo, na Ufipa nako kulikuwa na ufumaji uliodumu hadi karne ya 20.

Wakati huo huo misafara kutoka pwani ilikuwa ikiingiza kitambaa cheupe kigumu kilichofumwa Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kilifika Zanzibar kwa meli, kikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na Waswahili wakakiita merikani, jina ambalo limebaki katika lugha mpaka leo. Kilikuwa rahisi na kingi, na mfumaji wa bara aliyetumia siku nyingi kumaliza nguo moja hakuweza kushindana nacho.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, merikani ikaadimika. Nafasi yake haikuchukuliwa na wafumaji wa Unyamwezi bali na vitambaa vya Uingereza na India. Tukio hilo linastahili kukumbukwa kila inaposemwa kuwa bidhaa za nje zikizuiwa, za ndani zitachipuka zenyewe. Ufundi ukishadhoofika, kuondoka kwa mshindani hakutoshi kuufufua.

Utawala wa kikoloni haukuja kuufufua. Ulitaka pamba ghafi kwa viwanda vyake, na Usukuma ukawa ndio shamba. Maelfu ya ekari yalifunguliwa, hasa baada ya plau ya kukokotwa na ng'ombe kuenea.

Ndipo wakulima wenyewe walipofanya jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wakichoshwa na mizani ya wanunuzi binafsi iliyowapunja, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuunda vyama vyao vya kupima na kuuza pamba. Mwaka 1955 vyama hivyo vilijiunga katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri. Muungano huo ulinunua viwanda vya kuchambua pamba kwa akiba za wanachama, na kufikia uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika.

Kwa maneno mengine, miaka zaidi ya 10 kabla ya Azimio la Arusha, wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamekwisha kujitegemea katika hatua mbili za mnyororo, yaani mizani na jinari.

Azimio na viwanda

Azimio lilikuja na hoja pana zaidi. Lilieleza kuwa nchi maskini haiwezi kuifanya fedha ya wageni kuwa msingi wa maendeleo yake, na kwamba misingi ya kweli ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Lilionya pia juu ya jambo ambalo wakazi wa mijini hawapendi sana kulisikia: mikopo inayojenga viwanda na barabara za mijini hulipwa kwa mazao ya vijijini, hivyo mji unaweza kumnyonya mkulima bila hata kujua.

Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa mkopo wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Mwatex ikafuata Mwanza, na Mutex Musoma. Khanga, vitenge na mashuka yalitengenezwa nchini kwa pamba ya nchini, na kwa muda fulani ndoto ilionekana kuwa na miguu.

Kilichoidhoofisha hakikuwa kimoja. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi ununuzi kwa mamlaka za mazao. Mkulima aliyekuwa mwenye jinari akageuka muuzaji kwa shirika la umma, ambalo mara kwa mara lilichelewa kumlipa. Vyama vikuu viliporejeshwa mwaka 1984, vilirudi vikiwa na majengo yale yale lakini bila mtaji wala imani ya zamani.

Viwandani nako mashine zilihitaji vipuri, rangi na mafuta, vyote vya kununuliwa kwa fedha za kigeni. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta vilizikausha fedha hizo. Kiwanda kilichojengwa ili nchi ijitegemee kilisimama kwa kukosa kipuri kutoka nje.

Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalianza kulegezwa, na mwaka 1986 nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mitumba, iliyokuwa imepigwa marufuku, ikafurika. Viwanda vingi vya nguo vilifungwa au kuuzwa katika miaka ya 1990, na katika msimu wa 1994/95 biashara ya pamba yenyewe ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Itakuwa si haki kusema kuwa mageuzi hayo yalileta hasara tupu. Wanunuzi walipoongezeka, malipo ya fedha taslimu yalirudi, na msimu wa 2005/06 ulivunja rekodi kwa zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Aidha, mitumba imewavika mamilioni kwa bei wanayoimudu na kuwapa wengi ajira. Lakini pamba nyingi zaidi haikuleta viwanda vingi zaidi.

Rwanda ilikataa, Tanzania ikarudi nyuma

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi hizo nafasi ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA wa mwaka 2000.

Kenya, inayouza Marekani nguo nyingi kuliko jirani zake, ilijitoa kwanza. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake iliendelea na ushuru wa dola 2.50 kwa kilo ya mitumba badala ya senti 20 za awali, na Julai 2018 ikasimamishwa kunufaika na AGOA kwa upande wa nguo.

Ni rahisi kuisifu Rwanda kwa ujasiri, na sifa hiyo inastahili kwa kiasi. Hata hivyo, nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa chache mno, hivyo kukataa kuligharimu kidogo. Kenya ingepoteza ajira za maelfu ya washonaji. Anayekataa ni yule ambaye hasara ya kukataa anaweza kuibeba, na kanuni hiyo inaifaa Ngulyati kama inavyozifaa serikali.

Mafuta yaliyo karibu kuliko nguo

Mara nyingi dawa inayotajwa ni kujenga kiwanda cha nguo Simiyu. Wazo linavutia majukwaani, lakini usokotaji na ufumaji unataka umeme usiokatika, mtaji mkubwa, mafundi waliobobea na wateja wa kudumu, na unashindana na viwanda vya Asia ambavyo vimekuwa katika kazi hiyo kwa vizazi kadhaa. Si jambo lisilowezekana, kwani Arusha, Morogoro na Dar es Salaam zina viwanda vinavyofanya kazi. Lakini si hatua ya kwanza.

Hatua iliyo karibu imo ndani ya zile kilo mbili za mbegu. Mbegu ya pamba ikikamuliwa hutoa mafuta ya kupikia, na kinachobaki ni mashudu, chakula bora cha ng'ombe. Usukumani, ambako ng'ombe ni benki, mahari na heshima, bidhaa zote mbili zina wateja umbali wa kutembea kwa miguu.

Tanzania imekuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilipiga marufuku uuzaji wa mafuta hayo nje kwa takriban wiki tatu ili kutuliza bei kwa wananchi wake. Bei ya mafuta ya kupikia nchini ilikuwa imekwisha panda kabla ya hapo, na mama lishe wa Kariakoo aliyekuwa akilalamikia bei ya dumu alikuwa akilipia maamuzi yaliyofanyika Jakarta. Wakati huo mbegu za pamba zilikuwa zikirundikwa Bariadi.

Mashine za kukamua mbegu hizo hazihitaji ukubwa wa Mwatex. Zipo kubwa zilizo ndani ya majengo ya jinari na zipo ndogo zinazoweza kumilikiwa na kikundi. Kazi ngumu ni usafishaji, kwa sababu mafuta ghafi ya pamba yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo lazima iondolewe kabla hayajaliwa. Kwa hiyo mashine ya kukamua bila mtambo wa kusafishia ni nusu ya kiwanda, na hapo ndipo Amcos kadhaa zikiungana zinaweza kufanya kile ambacho moja peke yake haiwezi.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, umewahi kujaribu njia hii ya viwanda vidogo. Katika miaka ya 2010 uongozi wa mkoa ulihimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake, na vijana wa Maswa wakatengeneza chaki huku wenzao wa Meatu wakisindika maziwa. Ni bidhaa za kawaida kabisa, na uzuri wake uko hapo: mteja wa chaki ni shule iliyo jirani, ambayo haifuati bei ya New York.

Meatu na pamba isiyo na sumu

Wilaya hiyo ya Meatu ina mfano mwingine. Tangu mwaka 1994 wakulima wake wamekuwa wakilima pamba hai kwa ajili ya kampuni ya bioRe, iliyounganishwa na mnunuzi wa Uswisi. Pamba hai hailimwi kwa mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali. Samadi huchukua nafasi ya mbolea, mazao hupokezana shambani, alizeti hupandwa kandokando ili kuwavuta wadudu, na mkulima hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko.

Faida yake kubwa pengine si nyongeza hiyo, bali deni ambalo halikukopwa. Katika kilimo cha kawaida, viuatilifu hutolewa kwa mkopo na fedha yake hukatwa wakati wa mauzo, hivyo mkulima hufika kwenye mizani akiwa tayari anadaiwa. Asiyedaiwa anaweza kusubiri wiki mbili zaidi.

Pamoja na hayo, mteja bado yuko Ulaya. Mwenye duka wa huko akibadili mawazo, Meatu itaumia. Mkulima amepata mteja mwenye ahadi nzuri zaidi, lakini bado ni mteja aliye mbali.

Katika mbegu nchi imejiweka pazuri zaidi kuliko inavyodhaniwa. Aina ambazo zimelimwa Kanda ya Ziwa, kama UK91 na UKM08, zilizalishwa na watafiti wa kituo cha Ukiriguru, Mwanza, na herufi UK ni za jina hilo. Burkina Faso iliruhusu mwaka 2008 pamba iliyobadilishwa vinasaba ya kampuni ya Monsanto, na kufikia 2016 ikaanza kuiacha kwa sababu nyuzi zake zilikuwa fupi na zikapoteza bei. Ukiriguru ni mali ya taifa kwa maana halisi, na bajeti yake inastahili kutazamwa kwa jicho hilo.

Ghala na ngitili

Pamba hailiwi. Wazee wa Usukumani walilijua hilo na walilima mtama, uwele na viazi vitamu kabla ya kufikiria zao la biashara. Viazi vilikatwa na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza na kuwa matobolwa, vikakaa ghalani miezi mingi. Familia yenye michembe mwezi Juni haina haja ya kumkimbilia mnunuzi wa kwanza anayefika na mizani.

Pamba ilipopanuka ilikula ardhi ya chakula na ardhi ya miti. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ya Usukuma ili kuangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba yakaingia. Kufikia miaka ya 1980 Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, ulikuwa ukiitwa jangwa linalokuja.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya kuanza kwa kugawa miche, wataalamu wake waligundua kuwa dawa ilikuwepo tangu zamani, nayo ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ambamo miti huota yenyewe kwa kuwa mizizi yake haijafa. Ndani ya miaka chini ya 20 zaidi ya hekta 300,000 zilirejea kuwa kijani, na kaya zikapata kuni, nyasi za kuezekea, asali na dawa bila kufungua pochi.

Kuna jambo la kukera katika historia hiyo. Ngitili nyingi zilipotea katika miaka ya 1970 wakati watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja. Sera iliyotangazwa kwa jina la kujitegemea iliwatenga watu na mpango wao wenyewe wa kujitegemea, kwa kuwa waliouandika hawakuuliza ni nini kilichokuwepo.

Mteja aliye nyumbani

Linabaki suala la nani anunue kitakachotengenezwa. Thomas Sankara, aliyeiongoza Burkina Faso kuanzia 1983 hadi alipouawa 1987, aliwataka watumishi wa umma wavae nguo za pamba ya nchini iliyofumwa nchini. Wengi walinung'unika, lakini wanawake wafumaji walipata mteja asiyeyumba.

Serikali ya Tanzania ni mnunuzi mkubwa kuliko mfanyabiashara yeyote wa nguo nchini. Hospitali zinahitaji bandeji, shashi na pamba ya vidonda, vyote vya pamba, na vingi huagizwa nje. Mpango wa kiwanda cha vifaa tiba vya pamba mkoani Simiyu umetajwa tangu miaka ya 2010, na wahusika wanapaswa kuulizwa kila mwaka umefikia wapi. Shashi haihitaji rangi wala mitindo, na mteja wake, Bohari ya Dawa, anajulikana kabla jiwe la msingi halijawekwa. Sare za wanafunzi na za askari zinaweza kufuata.

Zabuni za namna hiyo zitagharimu zaidi mwanzoni kuliko kuagiza China, na mlipakodi wa mjini ndiye atakayeibeba sehemu ya tofauti. Ni gharama inayopaswa kutajwa waziwazi, kwa muda wenye mwisho na kwa viwanda vinavyokaguliwa, ili isije ikawa tena ruzuku ya kudumu kwa mashine zilizosimama.

Huko Ngulyati hesabu hiyo haisubiri zabuni. Mbegu za pamba hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, na wakati huo ndipo kila kaya huamua ekari ngapi ziwe za pamba na ngapi za mtama au mahindi. Bei elekezi hutangazwa msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida karibu na mwezi Mei, wakati mbegu ina takriban miezi sita tangu ifukiwe ardhini.